Kuchagua sakafu ya joto nyumbani: anza na vile vitakavyofukiwa

Ukishakanyaga sakafu yenye joto asubuhi ya baridi kali, miguu peku, umetoka kuoga, basi rejeta ya ukutani (kile chuma kinachopashwa ili kipashe chumba) haikuridhishi tena, hilo nalielewa kabisa na ndo maana watu wanakimbilia dukani moja kwa moja. Shida ni kwamba wakifika kule kitu cha kwanza wanachoangalia ni themostati, yaani kidude cha ukutani kinachowasha na kuzima joto, ile yenye skrini ya kugusa na programu ya simu, na muuzaji naye anawaonyesha hiyo hiyo kwa sababu ndo inayoonekana. Themostati unaibadilisha kwa bisibisi ndani ya nusu saa. Kebo ya umeme au bomba la maji linalopasha sakafu likishalala chini ya zege na tailizi juu yake, kulifikia ni nyundo na patasi. Kwa hiyo kwenye kila hatua hapa chini nakuomba ujiulize swali moja tu, hiki kitu kitafukiwa au kitabaki juu? Kinachofukiwa ndo ukae nacho muda mrefu na ndo uweke hela yako hapo, kinachobaki juu hata ukikosea utarekebisha.

Hatua ya 1: Unataka miguu ipate joto, au nyumba nzima?

Haya ni mahitaji mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya. Kuna anayetaka tu tailizi za bafuni zisiwe barafu, chumba chenyewe kinapata joto kutoka kwenye mfumo mwingine. Alafu kuna anayetaka sakafu iwe ndo chanzo pekee cha joto, rejeta zote ziondoke ukutani. Wa kwanza hana mahesabu mengi. Wa pili asiponunua kwa mahesabu atakuja kukaa na koti sebuleni mwake. Jua wewe ni yupi na umwambie fundi siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Chumba kinapoteza joto kiasi gani

Hapa ndo pa kukaa, hata kama unachukia hesabu.

Sakafu haiwezi kuwa ya moto kama rejeta, kwanza miguu haitavumilia na pili vitu vya juu yake vitaharibika. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 1264 kinaweka mwisho wa nyuzi 29 kwenye sehemu ambazo watu wanakaa, nyuzi 33 bafuni, na nyuzi 35 kwenye ukanda mwembamba wa pembeni, mfano chini ya madirisha makubwa. Sasa kwa kila nyuzi 1 ambayo sakafu imezidi hewa ya chumba, kila mita ya mraba inatoa takriban wati 11. Yaani chumba kikiwa nyuzi 20 na sakafu iko nyuzi 29, unapata kama wati 100 kwa mita ya mraba na hapo umefika mwisho, hata ununue mfumo wa bei gani hautoi zaidi ya hapo bila kuunguza nyayo.

Chukua chumba cha mita za mraba 16. Kama siku ya baridi kali kinapoteza wati 800, hiyo ni wati 50 kwa mita, sakafu itakaa kwenye nyuzi kama 25 na mtajisikia vizuri tu, wala hamtahisi kwamba sakafu ni ya moto, mtahisi tu chumba kiko sawa. Chumba hicho hicho kikipoteza wati 1,600 umeshafika ule mwisho wa wati 100 kwa mita, na ukiondoa sehemu iliyokaliwa na kabati joto halitoshi kabisa.

Joto linapotelea wapi? Dirisha, ukuta, paa, sakafu yenyewe na mianya ya upepo. Nikupe mfano wa dirisha peke yake: la mita za mraba 3, nje nyuzi 0 na ndani nyuzi 20. Kioo kimoja cha kawaida kinapitisha karibu wati 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi 1 ya tofauti, kwa hiyo 3 mara 5 mara 20, wati 300 zinaenda nje. Kioo maradufu cha kisasa kinapitisha kama wati 1.5 tu, yaani wati 90 kwa dirisha lile lile. Tofauti ya wati 210 kwa dirisha moja! Kwa hiyo kama nyumba inavuja, mi nasema wazi, hela ya sakafu ya joto iahirishe, ziba mianya na ushughulikie madirisha na paa kwanza, alafu urudi. Fundi anayekupa bei bila kuuliza habari za madirisha na kuta anakisia tu, mwombe akuandikie hesabu ya chumba kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Umeme au maji

Ya umeme ni kebo inayopata moto, mara nyingi imeshashonwa kwenye wavu ukauziwa kama mkeka, unaukunjua chini, unapaka gundi ya tailizi juu yake na kuweka tailizi. Kuna kebo huru kwa vyumba vyenye kona nyingi, na kuna foili nyembamba ya kuweka chini ya sakafu ya laminati. Mkeka una unene wa milimita chache tu, sakafu haipandi sana, na kama chini yake kuna insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisipotee) tailizi zinapata joto ndani ya nusu saa mpaka saa moja. Kufunga ni rahisi na bei yake ya mwanzo ni ndogo. Bili yake ndo kubwa.

Ya maji ni mabomba ya plastiki, mengi ni PEX (plastiki inayostahimili maji ya moto) ya milimita 16, yanazungushwa chini ya sakafu na yote yanarudi kwenye kisanduku kimoja kinachogawa maji, mafundi wanakiita manifoldi. Maji yanapashwa na boila au pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza kwenye maji. Uzuri wake ni kwamba maji hayahitaji kuwa ya moto sana, nyuzi 35 mpaka 45 zinatosha wakati rejeta za kizamani zinataka 60 mpaka 75, na pampu ya joto inafanya kazi kwa nafuu zaidi kadiri maji yanavyokuwa ya uvuguvugu, ndo maana hivi viwili vinaendana sana. Ukitumia boila inayotoa maji ya moto zaidi, lazima iwepo valvu ya kuchanganyia ili ya moto sana yasiingie sakafuni.

Tufanye hesabu ya yuniti maana hapa ndo watu wanajuta. Bafu la mita za mraba 6, ukitoa beseni, choo na sehemu ya kuogea zimebaki mita 4 za wazi. Mkeka wa wati 150 kwa mita, jumla wati 600. Ukiwasha saa 2 kwa siku, hata ungefanya kazi bila kupumzika ni yuniti 1.2, sio mbaya kabisa. Sasa chukua nyumba ya mita 80 za sakafu ya wazi, wati 60 kwa mita, hiyo ni kilowati 4.8, saa 10 kwa siku, yuniti 48. Kila siku! Nyumba hiyo hiyo ikiwa na mabomba na pampu ya joto inayotoa yuniti 3 za joto kwa kila yuniti 1 ya umeme, unalipia 16. Zidisha kwa bei ya umeme wako na kwa miezi ya baridi, alafu ulinganishe na tofauti ya gharama ya kufunga.

Msimamo wangu: chumba kimoja au viwili, au nyumba ambayo hutaki kuibomoa, chukua umeme bila kusita. Nyumba mpya au unayoifumua mpaka chini, na unataka sakafu ndo ipashe nyumba nzima, weka mabomba hata kama pampu ya joto utainunua baadaye, kwa sababu pampu inakaa nje na inaweza kusubiri, bomba likikosekana siku ya zege ndo limekosekana.

Hatua ya 4: Insulesheni na urefu wa sakafu

Joto haliendi juu kwa sababu wewe uko juu, linaenda kokote penye baridi. Ukilaza kebo moja kwa moja kwenye zege la kale, nusu ya kazi yake ni kupasha ardhi. Kwa umeme weka ubao wa foamu ngumu wa milimita 6 au 10 chini ya mkeka, ni kitu kidogo kwenye bei lakini ndo kinachofanya tailizi zipate joto ukiwa bado unapiga mswaki na sio ukiwa umeshafika kazini. Kwa maji kwenye sakafu iliyo juu ya ardhi, watu wanaojenga upya wanaweka sentimita 10 au zaidi za foamu, na pembezoni mwa kuta zote unazungusha utepe wa foamu, huo una kazi mbili, unazuia joto lisitorokee ukutani na unaliachia zege nafasi ya kutanuka.

Sasa jumlisha: foamu sentimita 10, zege la juu sentimita 6.5 mpaka 7.5, gundi na tailizi sentimita 2. Karibu sentimita 19! Chukua futi kamba upime milango, ngazi ya kwanza, na kimo cha dari kabla hujalipa chochote. Kwenye nyumba ya zamani kuna mbao maalum zenye mifereji ambazo mabomba yanakaa ndani yake, jumla inakuwa sentimita 2 au kidogo zaidi, joto lake linatawanyika vibaya kidogo kuliko la zege lakini ni bora kuliko kukata milango yote.

Hatua ya 5: Unaweka nini juu

Tailizi na mawe ndo wafalme. Warumi walijenga sakafu juu ya vinguzo vya matofali na kupitisha hewa ya moto chini yake, Wakorea wana ondol yao, sakafu inayopashwa kutoka chini, mpaka leo, na kote huko juu ya moto walilaza mawe na udongo kwa sababu vinapitisha joto na kulitunza. Mbao za tabaka tabaka zinafaa, usizidishe nyuzi 27 juu yake, mbao nene za kipande kimoja zinasinyaa na kuacha nyufa. Vinyili na laminati soma kwanza kilichoandikwa na mtengenezaji. Kapeti ndo tatizo, jumla ya kapeti na kile kitambaa cha chini yake isizidi upinzani wa joto wa 0.15, namba hiyo inaandikwa kwenye karatasi ya bidhaa kama m²K/W, na kama muuzaji haijui tafuta kapeti nyingine. Zulia nene la katikati ya sebule nalo lihesabu, maana linafunika sehemu ile ile iliyotakiwa kutoa joto.

Hatua ya 6: Chora ramani

Kabla kebo haijaingia nyumbani chora kila chumba kwenye karatasi na uweke vitu visivyohama: makabati ya jikoni, beseni, choo, kabati la nguo la ukutani. Chini ya hivyo usiweke kebo ya umeme hata kidogo, joto linakosa pa kutokea na kebo inajichoma. Nunua mkeka kwa eneo lililobaki na ikibidi uwe mdogo kidogo, kwa sababu kebo yenyewe HAIKATWI. Unakata wavu tu ili uugeuze mkeka, kebo inabaki nzima mwanzo mpaka mwisho, na haipiti juu ya nyingine.

Kwa mabomba, nafasi ya sentimita 15 kati ya bomba na bomba ni ya kawaida, karibu na madirisha makubwa unabana mpaka 10. Kwa 15 kila mita ya mraba inakula bomba kama mita 6.7, na mzunguko mmoja wa bomba la milimita 16 usizidi mita 100, vinginevyo pampu inayozungusha maji inahangaika na mwisho wa bomba unakuwa baridi. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama mita za mraba 15, sebule ya mita 30 inataka miwili, na manifoldi uiweke katikati ya nyumba na sio kule kona ya stoo kwa sababu tu kuna nafasi. Hakikisha bomba lina tabaka la kuzuia oksijeni, bila hilo hewa inapenya polepole na vyuma vya mfumo vinashika kutu. Na kiungio chochote kisiwepo ndani ya zege, kila mzunguko uwe kipande kimoja.

Alafu kabla ya kufukia, piga picha. Kila chumba, kila kona, futi kamba ikiwa imelazwa ionekane kutoka ukutani. Jirani yangu alitaka kufunga kile kidude cha mpira kinachozuia mlango usigonge ukuta, akatoboa sentimita 6 katikati ya njia ya mlango, na unajua mlangoni ndo mabomba yote ya chumba yanapita. Alichomoa drili akaona ncha imelowa, akadhani ni unyevu wa zege, alichotoboa ni bomba. Picha moja tu ingemwambia asogee sentimita 20 pembeni.

Hatua ya 7: Themostati na sensa yake

Sasa ndo unaweza kuangalia themostati. Iwe na sensa ya sakafu, yaani kidude kidogo kinachopima joto lake, na kama chumba kinategemea sakafu peke yake iwe na ya hewa pia, ya hewa inaongoza na ya sakafu inazuia isizidi kiwango. Themostati nyingi zinabeba ampea 16, kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,600, ukizidi hapo fundi umeme aweke kontakta, swichi kubwa inayobeba mzigo badala ya themostati.

Lakini sensa yenyewe inafukiwa, kwa hiyo inarudi kwenye swali letu. Bafuni kwangu fundi aliizika moja kwa moja kwenye gundi ya tailizi, akasema hivyo ndo inashika joto vizuri, na mimi sikuuliza. Msimu wa tatu themostati ikaanza kuonyesha alama ya hitilafu. Kebo ilikuwa nzima kabisa, tumeipima inasoma vizuri, ila sensa imekatika na themostati bila sensa inakataa kuwasha. Tukang'oa tailizi mbili taratibu tusiguse kebo, kazi ya siku nzima, na tailizi za aina ile zilikuwa zimeshaisha madukani, mpaka leo mbele ya beseni kuna mbili ambazo rangi yake imepishana na zenzake. Kilichotakiwa ni kijibomba cha plastiki cha unene wa kidole, kinatoka kwenye boksi la themostati, kinashuka ukutani na kuingia sakafuni katikati ya mistari miwili ya kebo, mwisho wake umezibwa gundi isiingie, na kona yake isiwe kali ili sensa ivutike. Sensa ikifa unaivuta, unasukuma nyingine. Simama pale fundi akifanya hivyo, na ajaribu kuivuta mbele yako kabla hajaweka gundi.

Hatua ya 8: Vipimo kabla ya kufukia

Kebo inapimwa mara tatu: ikitoka kwenye boksi, ikishalazwa, na ikishawekwa tailizi. Maltimita ya kawaida inatosha kujua kama imekatika. Ule mkeka wa wati 600 kwa volti 230 unatakiwa usome karibu oumu 88, linganisha na namba iliyo kwenye lebo yake, na kila kipimo kiandikwe na tarehe kwa sababu dhamana nyingi zinataka karatasi hiyo. Fundi umeme apime pia kama umeme unavuja kwenda kwenye wavu wa chuma ulio ndani ya gamba la kebo (sio ule wavu wa mkeka), na laini nzima ilindwe na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja, kwa bafu hili sio la kujadiliana.

Mabomba yanajazwa maji na kupandishwa presha ya bari 4 mpaka 6, na presha ibaki hivyo wakati zege linamwagwa. Mtu akichoma bomba kwa koleo, sindano ya geji itashuka pale pale na zege bado ni bichi. Ukiona fundi anataka kumwaga zege mabomba yakiwa makavu, msimamishe.

Hatua ya 9: Kuwasha mara ya kwanza

Usikaushie zege kwa sakafu ya joto, utalipasua. Zege la simenti lisubiri siku 21 kabla ya kupashwa, lile la anhidraiti (linaloshikwa na jasi badala ya simenti) siku 7, ila fuata karatasi ya mtengenezaji kama inasema zaidi. Anza na maji ya nyuzi 20 mpaka 25 kwa siku 3, alafu panda mpaka kiwango cha juu kilichopangwa na ukae hapo siku 4. Kama ni mbao zinakuja juu, unyevu wa zege upimwe kwanza kwa kifaa. Kwa umeme subiri gundi ikauke, mara nyingi wiki moja au mbili, na usiwashe hata dakika tano kujaribu.

Ikishawaka, wiki ya kwanza tembea peku nyumba nzima. Kwenye manifoldi kila mzunguko una kioo kidogo cha kuonyesha maji yanapita kiasi gani, mzunguko mfupi unanyang'anya mrefu maji yake, kwa hiyo chumba kilicho mbali kikiwa baridi punguza ile mifupi kidogo kidogo na usubiri siku nzima kabla ya kugusa tena, zege linajibu polepole. Kwa sababu hiyo hiyo usiwe unazima kila usiku, shusha nyuzi 2 au 3 tu, ukizima kabisa asubuhi itakupita ukiwa bado unasubiri sakafu iamke.